Waliagizwa kukusanya wakiwa wameshiba



Ukitoka ibadani leo, kabla hujaketi mezani, fungua Injili ya Yohana sura ya 6 usome mistari 15 ya mwanzo. Ni habari unayoijua tangu shule ya Jumapili: mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na umati wa wanaume wapatao 5,000 walioketi kwenye majani. Waandishi wote wanne wa Injili wameisimulia, na wote wanne wanataja vikapu 12 vya mabaki. Lakini ni Yohana peke yake anayetueleza kuwa vikapu vile vilijazwa kwa agizo. Bwana mwenyewe aliwatuma wanafunzi wapite wakaokote vipande, akawapa na sababu: hakutaka hata kimoja kiharibike (mstari wa 12).

Mahubiri mengi huishia kwenye muujiza. Mikate imeongezeka, watu wamekula, tunapiga vigelegele, tunatoa sadaka, tunakwenda nyumbani. Leo nakuomba tubaki kidogo pale kwenye majani, watu wakiwa wamekwisha kula.

Mtazame anayetoa agizo. Ni yule yule ambaye muda mfupi uliopita amelisha maelfu kwa chakula cha mtoto mmoja. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema achaneni na hayo, kesho yatakuja mengine, ni yeye. Chakula cha kesho hakikuwa kitendawili kwake. Hata hivyo aliwainamisha mitume, mmoja mmoja, kuokota mkate wa shayiri, ambao kwa nyakati zile ulikuwa mkate wa watu wa hali ya chini. Hawakuokota keki.

Halafu tazama wakati. Yohana anasema agizo lilikuja watu walipokuwa wameshiba. Hapa ndipo habari hii inapotoka Galilaya na kuingia nyumbani kwako na kwangu. Mwenye njaa haagizwi kutunza chakula. Yeye sahani yake huisafisha kwa kidole bila kuhubiriwa. Anayehitaji agizo ni aliyeshiba. Na chakula cha nyumbani hupotea saa hiyo hiyo ya shibe: sala ya kushukuru imekwisha, kila mtu ameinuka, taarifa ya habari inaanza, na sufuria limebaki jikoni bila mfuniko hadi asubuhi. Asubuhi mtu ananusa, anakunja uso, anamwaga. Hakuna aliyekusudia dhambi. Hakuna hata aliyeona kilichotokea.

Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022. Jumla yake ilikuwa tani bilioni 1.05, karibu moja ya tano ya chakula chote kilichofika kwa walaji. Wengi tukisikia hivyo tunawaza hoteli kubwa na masoko ya Ulaya. Sivyo. Asilimia 60 ya mzigo huo ilitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, humo mkiwamo na maganda na mifupa. Usifikiri tena kuwa ni ugonjwa wa matajiri peke yao: ripoti hiyo ilionyesha kuwa wastani wa nchi tajiri na wa nchi za kipato cha kati, kundi ambalo nasi Tanzania tumo, unapishana kwa kilo 7 tu. Mwaka huo huo, watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa.

Hizo ni hesabu za dunia. Fanya na ya kwako. Tuseme katika nyumba yenu, kwa wali uliobaki sahanini, ugali uliogandia sufuriani na ule uliochacha, kinapotea chakula cha robo kilo ya nafaka kwa siku. Robo kilo ni kitu kidogo, hujaza kiganja mara chache tu. Kwa mwaka ni kilo 91. Hilo ni gunia la mchele likikosa kidogo tu kutimia. Jiulize, mama, jiulize, baba, kama kuna mtu angesimama mlangoni kwako kila Desemba akalibeba gunia zima la mchele na kulitupa jalalani, mngemtazama tu?

Na mchele hauendi peke yake. Ukimwaga maharage umemwaga na mkaa wa saa mbili. Umemwaga mafuta, kitunguu, maji ya bomba na mgongo wa aliyepika. Kwa mchele kuna zaidi. Sehemu ya mchele tunaokula mijini hulimwa Mbarali, katika bonde la Usangu, kwa maji yanayotakiwa kuendelea na safari hadi Ruaha Mkuu, kisha bwawa la Mtera na Kidatu ambako tunafua umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka majira ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi, na kilimo cha umwagiliaji ni moja ya sababu zinazotajwa. Simlaumu mkulima wa Usangu, anatulisha. Ninachosema ni kwamba wali unaoingia kwenye ndoo ya takataka ulikwisha kunywa mto.

Sasa najua kuna msomaji anayesema: mtumishi, sisi Waafrika hupika cha ziada kwa sababu mgeni hana hodi. Ni kweli, na nisingependa tuipoteze desturi hiyo. Nyumba inayopika kwa kuhesabu vichwa hadi tonge la mwisho inatia huruma. Abrahamu alipoona wageni watatu pale Mamre hakuuliza kama waliarifu mapema. Pika cha mgeni. Swali langu ni dogo tu: mgeni asipokuja, chakula chake kinakwenda wapi? Kama ulikipika kwa ajili ya mtu, basi kilikuwa na mwenyewe. Na kama huyu hakuja, pengine yuko mwingine mwenye njaa nyumba ya tatu kutoka kwako, anayeona haya kubisha.

Hapa nataka tusome na Ruthu, kwa sababu katika Maandiko nafikiri hakuna aliyejua kutunza chakula kuliko yeye. Ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, anaokota masuke shambani kwa Boazi. Saa ya chakula Boazi anamkaribisha mezani pamoja na wavunaji na kumpa bisi. Anakula mpaka anashiba, na anabakiza (Ruthu 2:14). Wengi husoma mstari huo na kupita. Lakini shuka hadi mstari wa 18. Jioni anafika nyumbani, anamwonyesha mama mkwe wake shayiri aliyopura, kisha anatoa na kile chakula alichokibakiza mchana, anampa Naomi.

Yaani mwanamke huyu alishinda na njaa, akapata sahani moja nzuri, na akiwa bado anatafuna alimkumbuka mzee aliyebaki nyumbani. Kiporo cha Ruthu hakikuwa kilichomshinda kula. Kilikuwa fungu la Naomi tangu mwanzo.

Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili. Tunalo neno kiporo na tunalo neno makombo, na si kitu kimoja. Kiporo ni chakula kilichobaki safi chunguni kikalala. Asubuhi unakipasha, unakunywa na chai, na watoto wanakigombania. Makombo ni mabaki ya sahani ya mtu aliyekwisha kula. Mabaya tunayoyafanya ni kusubiri kiporo kigeuke makombo, ndipo tunapowakumbuka maskini. Wali umechacha kidogo, "mpelekee yule bibi." Mkate umeanza ukungu, "mpe mlinzi." Hiyo si sadaka, ndugu yangu. Ni njia ya kutupa takataka bila kwenda jalalani.

Torati haikufanya hivyo. Walawi 19 inamwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Angalia mpangilio: fungu la mwenzako linatengwa chakula kikiwa bado kizima, hata kabla wewe hujajua umevuna magunia mangapi. Jikoni kwako hilo lina maana rahisi. Ukiona chungu kimekuwa kikubwa kuliko midomo iliyopo, toa la jirani kabla hujapakua. Weka kwenye bakuli safi, funika, mtume mtoto akapeleke kikiwa moto. Anayepokea atajua kama amepelekewa chakula au amepelekewa mabaki, hilo halifichiki.

Na kuna mtu mwingine wa kumtazama kabla ya jirani: dada wa kazi. Ziko nyumba za waombaji wazuri ambamo msichana aliyepika tangu saa kumi na moja alfajiri anakula ukoko na mchuzi usio na nyama, wakati nyama nusu imerudi jikoni ikiwa imetafunwa na watoto na kuachwa. Nyumba hiyo haina upungufu wa chakula. Mpakulieni naye wakati mnapojipakulia ninyi, na watoto muwape nyama ndogo kwanza.

Nisije nikaeleweka vibaya, nikasababisha mtu kuumwa tumbo kwa jina la Yesu. Kutunza chakula si kula kilichooza. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi wa kwenye nafaka na karanga zisizokauka vizuri. Wenzetu Kenya mwaka 2004 walipoteza watu 125, hasa Makueni na Kitui, kwa mahindi ya aina hiyo. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mahindi au karanga zenye ukungu usizile, wala usimwonee huruma ng'ombe ukampa. Sumu inarudi kwako katika maziwa. Dawa ni ya mapema: kausha sawasawa, anika juu ya turubai badala ya udongoni, hifadhi pakavu.

Wali nao una hila zake. Kuna vijidudu vya kwenye nafaka ambavyo huvumilia kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, hasa katika joto la Dar es Salaam au Tanga, huamka na kuacha sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Kwa hiyo usiuache ndani ya hotipoti ukidhani umeuhifadhi. Hotipoti ni ya kuweka chakula moto saa chache, si ya kulaza kiporo. Ukimaliza kula, utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji. Kama huna friji, pika wa kutosha usiku huo tu, na mabaki yawe ya ugali au maharage. Maharage bibi zetu waliyajua: unayachemsha tena kabla ya kulala, unayafunika, na baada ya hapo mwiko hauingii wala hakuna anayeonja hadi asubuhi.

Mana ya jangwani ilifundisha jambo hilo hilo. Waliojiwekea ya ziada kwa hofu tu iliwaotea funza. Lakini siku ya sita waliagizwa kukusanya maradufu na kuyaweka kwa ajili ya Sabato, na haikuoza (Kutoka 16). Watu wale wale, chakula kile kile, wiki moja. Kumbe kuna kuweka kwa hofu na kuweka kwa mpango.

Tunaposimama sokoni Jumamosi, hofu na tamaa ndizo hununua. Nyanya zimeshuka bei, tunabeba tenga. Jumatano nusu yake ni maji. Mimi nashauri, ukitaka kubeba tenga, beba na mwenzako wa jumuiya mgawane. Na kama umekwisha kulibeba, usingoje zilainike. Zisage siku ile ile, zichemshe hadi zikauke maji, zitie kwenye chombo safi na kuziweka kwenye friji. Mchicha huliwa kwanza, kabichi husubiri. Chakula cha zamani kikae mbele kwenye friji na kipya nyuma, maana kinachojificha nyuma hakikumbukwi hadi kinuke.

Wazee wetu hawakuwa na friji wala umeme wa kukatika, na bado walivuka kiangazi. Wasukuma na Wanyamwezi huanika viazi vitamu wakapata michembe, au huvichemsha kwanza ndipo waanike, wakapata matobolwa. Majani ya kunde yakianikwa huitwa nsansa, na ukiyapika kwa karanga nyumba nzima hunyamaza. Mihogo huwa makopa. Papa na nguru wa pwani huwa ng'onda. Wafugaji hugandisha maziwa. Katika hayo yote sioni ushamba; naona watu waliojua kuwa mvua hutoa kwa wakati mmoja vitu vya kuliwa mwaka mzima. Msimu wa maembe unapofika na mitaa ya Tabora na Morogoro kunuka maembe yaliyoozea chini ya miti, huwa natamani kila kanisa lenye uwanja na jua liwe na chanja moja la kuanikia.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Usimlazimishe mtoto kumaliza mlima uliompakulia wewe. Mpakulie kidogo, akitaka aongezwe. Kupakua ni kipawa kinachofundishika, na baba anayejazia sahani hadi mchuzi unamwagika kwenye kitambaa ndiye mwalimu wa kwanza.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kuwa chakula kinachotupwa ni kana kwamba kimeibwa mezani pa maskini. Wapo waliosema ni maneno makali. Mimi nayaona ya upole nikikumbuka sherehe zetu.

Maana tukizungumzia nyumba na kunyamazia sherehe za kanisa tutakuwa tumechuja mbu. Kipaimara, komunyo ya kwanza, ndoa, kuwekwa wakfu kwa mchungaji. Kamati inakaa miezi mitatu, kadi zinauzwa, chakula kinaagizwa kwa watu 400 na wanakuja 310. Wanaokuja wanapita kwenye meza wakipakua kana kwamba kesho hakuna: pilau, chipsi, ndizi, kuku wawili juu ya samaki. Nusu inabaki sahanini, na sahani moja imetumbukizwa karatasi ya kupangusia mikono ili hata mfuga nguruwe ashindwe kuichukua. Saa sita usiku masufuria yanasukumwa pembeni. Wapishi wamechoka, wanakamati wanatafutana kuhusu deni la ukumbi, na chakula kilichotolewa michango na wajane wa jumuiya kinalala nje.

Tunajua kufanya vizuri kuliko hivyo. Katika sharika nyingi, ibada ikiisha, mayai, mkungu wa ndizi, jogoo na debe la mahindi vilivyoletwa kama sadaka hupigwa mnada pale nje. Havilali. Mzee wa kanisa anapandisha bei kwa utani, mtu ananunua mkungu na kumrudishia bibi aliyeuleta, na hakuna ndizi inayoozea kwenye ofisi ya parokia au ya usharika. Utaratibu ule umepangwa: kuna mtu wa kupokea, kuna wa kunadi, kuna wa kuandika. Chakula cha sherehe hakina mtu kama huyo.

Wanafunzi walikuwa 12, na vikapu vilikuwa 12. Wengi wamehubiri kuhusu idadi hiyo na makabila ya Israeli, nami sina ugomvi nao. Lakini kwa mtu wa kamati idadi hiyo ina maana nyingine ya kawaida kabisa: kila mmoja alikuwa na chombo mkononi.

Kama uko kwenye kamati ya sherehe mwezi huu, kikao kijacho omba ajenda moja, baada ya ile ya muziki. Atafutwe mtu atakayekatisha upakuaji wa fujo kwa kuweka wapakuaji mezani badala ya kila mgeni kujihudumia. Zinunuliwe ndoo sita safi zenye mifuniko. Wenyeviti wa jumuiya walete mapema majina ya nyumba zenye wagonjwa, wazee na watoto wengi, yasisomwe kwenye kipaza sauti. Na masufuria ya akiba yasifunguliwe kabisa mpaka ya kwanza yaishe, ili saa tatu usiku, kabla keki haijakatwa, gari la kanisa liwe limekwisha kuondoka na chakula ambacho hakijaguswa.